Usichague mbegu ya mchikichi kwa kukata tunda

Mtu aliyekamua mawese kwa miaka huujua mchikichi kwa kokwa yake. Akiletewa mkungu, huchomoa tunda moja, akalikata kwa kisu mpaka kisu kigote, akajua hapo hapo siku yake itakuwaje. Kisu kikigota mapema, hiyo ni dura, michikichi ya wazee wetu: nyama kidogo, gamba nene la milimita 2 hadi 8, na mise, yaani kiini cha kokwa, ndani. Kisu kikizama, hiyo ni tenera: nyama tele, gamba jembamba, na ukitazama vizuri kwenye mkato utaona duara la nukta nyeusi za nyuzi likiizunguka kokwa. Mawese hutoka kwenye nyama. Ndiyo maana mikungu ya uzito ule ule, ikiwa ya tenera, hutoa mafuta zaidi kwa takribani asilimia 30. Kwa sisi akina mama tunaochemsha matunda kwenye pipa na kununua kuni kwa fedha zetu, tofauti hiyo ndiyo ada ya mtoto.

Mimi nakamua upande wa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, na pembeni nina kitalu cha miche. Ninayoandika hapa yanahusu mafuta, lakini zaidi yanahusu urithi: namna mzazi anavyompa mtoto sehemu tu ya alichonacho, na namna sehemu hiyo inavyoweza kujificha. Nayaandika kwa sababu katika ukoo wetu kutoyajua kuliwaumiza watu wasio na kosa, kwanza shambani, kisha ndani ya nyumba.

Baba mdogo wangu ana shamba njia ya kwenda Simbo. Karibu na nyumba yake ulikuwepo mchikichi mmoja wa tenera ambao kila mpita njia aliusifu. Akaamua kupanda eneo jipya lote kwa mbegu za mti huo. Alichagua mkungu mzuri kuliko yote, akakata matunda mwenyewe kuhakikisha gamba ni jembamba, akamkabidhi kijana mmoja wa jirani azioteshe. Mbegu za mchikichi zikiachwa zijiotee zenyewe huchukua miezi mingi na huota kwa kupishana, kwa hiyo kijana yule alimwagilia kitalu kile muda mrefu sana. Miche ikapandwa kwa nafasi nzuri, mita 9 kati ya mti na mti kwa mtindo wa pembetatu, kama wataalamu wanavyoelekeza.

Ilipoanza kuzaa, kisu kilitoa habari mbaya. Karibu nusu ya miti ilikuwa dura, gamba nene kama la shamba la babu. Karibu nusu nyingine ilikuwa tenera kama ilivyotarajiwa. Na michache, tena iliyokuwa na afya na kimo kuliko yote, ilitoa maua ya kike mengi lakini mikungu yake ikaoza kabla ya kukomaa. Baba mdogo hakuwa na shaka hata kidogo juu ya kilichotokea: kijana alibadilisha mbegu. Aliuza zile nzuri, akapanda za kuokota. Akamnyima ujira uliobaki, na kwa muda mrefu kijana yule alipita kwetu bila kusalimia, kwa aibu ya wizi ambao hakuufanya.

Aliyetutoa gizani ni bwana shamba aliyekuja kukagua miti ile isiyozaa. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, mama wa miti hii tumemwona. Baba yake ni nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mchikichi una baba. Mti mmoja hutoa maua ya kiume na maua ya kike, lakini kwa kawaida hauyatoi kwa wakati mmoja. Kuna kipindi cha kiume na kipindi cha kike. Kwa hiyo chavua inayolifikia ua la kike mara nyingi imetoka kwenye mti mwingine, ikibebwa na wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaofuata harufu ya maua hayo, au na upepo. Mchikichi wa baba mdogo ulizungukwa na mashamba ya dura pande zote. Mama alikuwa tenera. Baba wengi walikuwa dura.

Halafu akatueleza mambo ya nakala mbili, na hapo ndipo mimi nilipoona akili yangu inafunguka. Kila mchikichi hubeba nakala mbili za jeni, yaani agizo la urithi, inayohusika na gamba la kokwa, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala zenyewe, tukiziweka kwa ufupi, ni za namna mbili: inayojenga gamba nene, na isiyojenga gamba. Mti wenye nakala mbili za gamba nene ni dura. Mti wenye nakala mbili zisizojenga gamba huitwa pisifera: kokwa yake haina gamba kabisa, na kwa kawaida mikungu yake huharibika bila kukomaa. Mti wenye moja ya huku na moja ya kule ndio tenera. Kumbe tenera si aina inayojitegemea. Ni mchanganyiko, na mchanganyiko haujirithishi mzima mzima. Tenera akizaa, kila mbegu hupewa nakala moja tu kati ya zile mbili, na ni ipi itakayoangukia mbegu gani hakuna anayepanga.

Kwa hiyo tenera akikutana na dura, nusu ya watoto ni dura na nusu ni tenera. Tenera akikutana na tenera mwenzake, robo ni dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera. Ile miti mirefu ya baba mdogo iliyooza mikungu ilikuwa pisifera. Baba yao alikuwa tenera mmojawapo wa jirani. Shamba lote likasomeka kama daftari. Hakuna mbegu iliyobadilishwa.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba jambo hili lilithibitishwa ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi kwenye Mto Kongo, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba gamba la kokwa ya mchikichi linatawaliwa na jeni moja, na kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Mpaka hapo wakulima na hata wataalamu walihangaika kuotesha tenera kutoka kwa tenera, wakipata mchanganyiko ule ule uliomkasirisha baba mdogo. Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi. Mtawa Gregor Mendel, kule Brno, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Cheki, aliichapisha mwaka 1866 baada ya miaka ya kuhesabu njegere. Katika moja ya hesabu zake alipata mbegu 7,324 za kizazi cha pili: 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Alifariki mwaka 1884 kabla ulimwengu haujamsikiliza. Kazi yake ilifufuliwa mwaka 1900. Namheshimu sana mtu huyu, kwa sababu alifanya kitu ambacho sisi hatukukifanya shambani: alihesabu kila mmoja, hata wale ambao hakuwapenda.

Kati ya njegere za Mendel na michikichi yetu kuna tofauti moja. Katika njegere, nakala ya mviringo huifunika ile ya kukunjamana, kiasi kwamba ukitazama huwezi kumjua anayebeba ya siri. Katika gamba la mchikichi hakuna anayemfunika mwenzake. Mchanganyiko unaonekana kwa macho kama gamba jembamba. Lakini mchikichi nao una sifa zinazojificha. Kuna miti, si mingi, ambayo matunda yake machanga ni ya kijani badala ya meusi. Rangi hiyo ya kijani hutawala, nakala moja inatosha. Kwa hiyo mti wa matunda ya kijani unaweza kuzaa mtoto wa matunda meusi bila mtu yeyote kufanya hila, maana nakala ya weusi ilikuwamo imetulia.

Bwana shamba alitufanyisha jambo ambalo mpaka leo nalifanya na watoto wanaokuja kwenye kitalu. Chukua makopo mawili. Kila kopo weka kokwa moja ya dura na punje moja ya mahindi. Kokwa ni nakala ya gamba nene, punje ni nakala isiyo na gamba. Kila kopo ni mzazi wa tenera. Fumba macho, chomoa kimoja hapa na kimoja pale, andika ulichopata, rudisha, rudia. Watoto wakichomoa mara chache hupata matokeo ya ajabu, pengine punje mbili mfululizo, na hupiga kelele kwamba hesabu ni ya uongo. Wakiendelea mpaka wachoke, robo, nusu na robo hujitokeza zenyewe. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba robo si zamu. Kopo halikumbuki ulichochomoa mara iliyopita. Sentensi hiyo ishikeni, nitairudia nikifika kwa watu.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kila msimu kitalu kinapojaa wanunuzi. Mbegu bora ya tenera huja na gamba nene.

Najua linasikika vibaya, na ndiyo sababu watu wamewahi kunirudishia mbegu wakisema wameuziwa dura. Lakini fikirini kokwa inatengenezwa na nani. Gamba ni sehemu ya tunda, na tunda ni mwili wa mama. Chavua haiingilii unene wa gamba. Chavua inachangia kile kitakachokuwa mti, yaani kijusi kilicho ndani ya mise. Wataalamu wanaozalisha mbegu huchagua mama wa dura aliye bora, hulifunika ua lake la kike kwa mfuko kabla halijafunguka ili wadudu wasilifikie, kisha hupuliza humo chavua ya pisifera waliyemchagua. Mkungu ukikomaa baada ya miezi mitano au sita, kila kokwa ina gamba nene la mama yake dura, na kila kokwa ndani yake ina nakala moja ya gamba nene na moja isiyo na gamba. Zote zitakuwa tenera, bila kukosa hata moja, kwa sababu mama hana nakala nyingine ya kutoa na baba naye hana. Kinyume chake, kokwa yenye gamba jembamba, ile ambayo baba mdogo aliikata na kuifurahia, inakuambia tu kwamba mama alikuwa tenera. Kuhusu mtoto haikuambii kitu.

Na pisifera, ule mti usiozaa, ambao baba mdogo aliuita tasa na kutaka kuung'oa kwa hasira, ndiye baba wa tenera zote za mbegu hizo. Maua yake ya kike huoza lakini ya kiume hutoa chavua nzima. Sisemi mtu auache shambani. Mkulima anahitaji mikungu, na nafasi ya mti mmoja ni hasara ya miaka mingi. Nasema tu kwamba kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Kihinga, hapa hapa Kigoma, kinachozalisha mbegu za tenera kwa wakulima, hakiwezi kuishi bila miti ya namna hiyo. Tangu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alipoanza kuhimiza zao hili mwaka 2018, mbegu na miche ya Kihinga imewafikia watu wengi, na ningetamani kila aliyepewa angeelezwa pia kwamba miti yake ikishazaa asirudie kuotesha kutoka humo. Hilo huwa halisemwi kwa sauti ya kutosha. Mtu hupata tenera safi, akafurahi, akaotesha watoto wake akawauzia majirani, na robo au nusu ya bidii ya majirani ikarudi kuwa dura.

Kijana wa jirani alilipwa ujira wake mbele ya wazee. Baba mdogo alimwita mwanangu, akampa na mche wa tenera wa Kihinga. Hilo lilimalizika vizuri, na haraka kuliko la pili.

La pili ni la nyumbani kwa kaka yangu. Wifi yangu alizaa mtoto wa pili ambaye kabla ya kutimiza mwaka alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha, macho yana umanjano, damu inapungua kila mara. Kipimo kikaonyesha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kaka ni mzima, wifi ni mzima, mtoto wao wa kwanza ni mzima. Upande wetu, na nasema haya kwa uchungu kwa sababu ni ndugu zangu, ulianza kunong'ona kwamba ugonjwa umetoka kwa mke, kwamba kwao kuna jambo. Hakuna aliyesema kwao na kwetu. Wifi alikuwa anabeba mtoto mgonjwa mgongoni na maneno ya watu kichwani.

Niliposikia daktari akieleza, niliona makopo yale mawili. Selimundu nayo ni ya jeni moja, ile inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Herufi moja tu ya DNA, maandishi ya jeni, imebadilika, na kwa hiyo kiungo cha 6 katika mnyororo wa protini hiyo kinakuwa kingine. Nakala ya kawaida huitwa A, iliyobadilika huitwa S. Mwenye AA hana kitu. Mwenye SS anaugua. Mwenye AS ni mzima kwa kawaida, ila amebeba. Kaka ni AS. Wifi ni AS. Ili mtoto awe SS ni lazima apate S kutoka kwa mama na S kutoka kwa baba. Haiwezekani itoke upande mmoja. Nilimchukua mama yangu mzazi kando, nikamwambia: mama, nusu ya ugonjwa wa mtoto huyu imetoka kwetu. Pengine kwako, pengine kwa marehemu baba. Alinyamaza, kisha akaenda kumbeba mjukuu wake. Manong'ono yalipungua kuanzia siku hiyo, ingawa hayakuisha yote.

Kuna mambo mawili nilihitaji muda kuyaeleza nyumbani. La kwanza ni lile la kopo lisilokumbuka. Shemeji mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa kuwa ni mmoja kati ya wanne, basi wifi ameshampata huyo mmoja na watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba ni kuchomoa upya, na kila mimba ina robo ile ile. Wazazi wawili wa AS wanaweza kuzaa watoto wanne wazima, na wengine wakazaa wagonjwa wawili mfululizo, na wote hawa hesabu yao ni moja.

La pili ni kwa nini nakala ya S imeenea hivi kwetu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye AS wanakingwa dhidi ya malaria kali. Ukiishi kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako malaria imezika watoto wa kila ukoo, unaelewa. Kwa vizazi vingi mtoto wa AS alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa, akaipitisha S mbele. Nilipoyasikia hayo nilifikiria tenera: huko nako mwenye moja ya huku na moja ya kule ndiye anayefaidika, na huko nako faida yake haiwezi kurithishwa nzima, lazima baadhi ya watoto wapate nakala mbili za upande mmoja. Tofauti ni kwamba tenera unamjua kwa kisu, na AS humjui kwa kumtazama. Anajulikana kwa kipimo cha damu tu.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila kitu ni makopo mawili. Kimo cha mchikichi, idadi ya mikungu, uzito wake, hayo yako chini ya jeni nyingi kwa pamoja, na juu yake kuna udongo, mbolea na mvua. Kiangazi kikali huufanya mchikichi kutoa maua mengi ya kiume badala ya ya kike, na mkulima hulipia kiangazi hicho baadaye kwa mikungu michache. Nimeona tenera safi ya Kihinga iliyoachwa porini ikizidiwa na dura iliyopaliliwa. Kwa watu pia ni hivyo hivyo: urefu, rangi ya ngozi, uwezekano wa kupata shinikizo la damu, hayo hayasomwi kwa robo na nusu.

Lakini pale ambapo hesabu ni ya jeni moja, itumike. Binti mkubwa wa wifi, yule mzima, sasa ni mwanamwali na amechumbiwa. Mtoto mzima wa wazazi wawili wa AS hayuko huru moja kwa moja. Kati ya wazima watatu, kwa wastani wawili wamebeba S. Alipima, na amebeba. Alikuja kwenye kitalu akakaa kwenye kibao changu, akaniuliza kama hataolewa.

"Utaolewa, mwanangu," nilimwambia. "Mwenzako naye apime. Akiwa AA, hakuna mtoto wenu atakayeugua; baadhi watabeba tu kama wewe. Akiwa AS, kila mimba ina robo ya kuugua. Akiwa SS mwenyewe, ni nusu."

"Na kama ni AS, na mimi ndiye ninayemtaka, shangazi?"

Nilimwambia uamuzi huo ni wao wawili, si wa ukoo, na asikubali mtu amgeuze kuwa chanzo cha ugonjwa. Ila wakiamua kuzaa, mtoto apimwe akiwa bado mchanga, wasisubiri vidole vivimbe. Mtoto anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi, hupewa foliki asidi, hulala kwenye chandarua bila kukosa usiku hata mmoja, na daktari huangalia kama anafaa kuanza haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Mdogo wake alichelewa kujulikana kwa sababu sisi watu wazima tulikuwa tunatafuta wa kumlaumu. Mchumba wake amekubali kupima wiki hii.